Okot p'Bitek, mutu aliyetaka teatre itoke ndani ya nyumba

Wafanyabiashara wa Butembo na Beni wanaovuka mupaka wa Kasindi kwenda kununua mali Kampala wanajua vizuri vichochoro vya Kikuubo, wanajua Nakasero, wanajua fasi gari zinapakiliwa. Si mbali na hapo, upande wa jengo la Bunge, kuna nyumba moja ya zamani ambayo wengi wanaipita bila kuigeukia. Ni Teatre ya Taifa ya Uganda. Ilifunguliwa Desemba 1959, karibu miaka mitatu mbele ya uhuru wa inchi ile. Mwaka 1966 nyumba hiyo ilikabiziwa mutu wa Gulu, mucheza mupira wa zamani, mwalimu, mwimbaji, mutaalamu kutoka Oxford. Hakukaa muda murefu. Walimufukuza.

Mutu huyo ni Okot p'Bitek. Dunia inamujua kama mushairi, na ni haki yake. Lakini mbele ya sifa ya mashairi, na hata baada yake, alipambana na swali ambalo vijana wanaotayarisha michezo kwenye sale za shule na za parokia huku Butembo na Beni wanalijua sana. Kwa nini mutoto wa mutaani anatafuta pesa kidogo na kuingia kwenye nyumba ya video kuangalia filme ya Wachina, lakini teatre, inayochezwa na jirani yake kabisa, anaiona kama kitu cha wengine?

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini ya Uganda, mwaka 1931. Baba yake, Jebedayo Opii, alikuwa mwalimu. Mama yake, Lacwaa Cerina, alijulikana kwa kuimba, kutunga nyimbo na kucheza ngoma. Mutoto alikulia kati ya hao wawili: muchana masomo ya wazungu, mangaribi hadisi na nyimbo za nyumbani. Wengi wakieleza maisha yake wanakawia sana Oxford. Kumbe shule iliyomufundisha teatre ilikuwa kiwanja cha ngoma cha Waacholi.

Kwenye kiwanja kile hakuna jukwaa. Bwola, ngoma ya heshima mbele ya mufalme, iko na kanuni zake kali. Orak, ngoma ya vijana wanaotafutana, ni jambo lingine kabisa. Anayeimba leo, kesho anaweza kuwa yule wa kupiga makofi tu. Mutu akifanya mabaya, anatungiwa wimbo, na kijiji kizima kinamucheka mbele ya macho yake. Hakuna tiketi. Lakini si bure kabisa, na jambo hili litarudi huko mbele: mwenye siku kuu anapika, anatoa pombe, na wachezaji hawarudi kwao na njaa.

Alisoma Gulu, halafu King's College Budo karibu na Kampala, shule kubwa ya watoto wa wakubwa, ambako tayari alikuwa anatunga muchezo wa kuimba. Alipata mafundisho ya ualimu Mbarara, akarudi kufundisha karibu na Gulu, akiongoza pia wanakwaya. Mwaka 1953, akiwa na miaka 22 tu, alitoa kitabu cha hadisi kwa Kiacholi, Lak Tar. Ni habari ya kijana anayeondoka kijijini kwenda Kampala na kwenye mashamba ya miwa kutafuta pesa ya mahari, na anarudi mikono mitupu. Mutu wa Butembo aliyeona vijana wakienda kwenye karyeri za zahabu hahitaji kuelezwa zaidi.

Miguu yake ndiyo iliyomufikisha Ulaya, si kalamu. Okot alikuwa mucheza mupira hodari. Mwaka 1956 timu ya Uganda ilialikwa Uingereza, na wachezaji wengi wa timu ile walicheza bila viatu. Wenzake waliporudi, yeye alibaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha masomo ya mila na desturi za watu Oxford tangu 1960. Huko Oxford aligombana na walimu wake tangu mwanzo, juu walikuwa wakiita watu wa Afrika washenzi mbele yake, ndani ya darasa, bila haya. Aliandika kazi yake ya mwisho juu ya nyimbo na hadisi za Waacholi na Walango, akarudi kwao.

Wakati anarudi, Uganda ilikuwa inchi huru, na Kampala ilikuwa na hiyo Teatre ya Taifa. Hapa inafaa kusimama kidogo.

Miaka ya ukoloni serkali ya Waingereza ilikuwa inatuma magari ya sinema vijijini. Gari linafika mangaribi, kitambaa cheupe kinafungwa, mashine inawashwa, na watu wanakaa chini kwenye majani kuangalia filme za kufundisha usafi na kilimo. Huku Kongo ya Wabelgiji pia serkali na wamisionere walizungusha sinema namna ile ile. Wakubwa waliona haraka kwamba ukitaka watu wote waone kitu, unakipeleka pale walipo. Na mijini, sinema ilikuwa na viti vya bei tofauti, hata mutu wa kazi ya mikono aliweza kujikaza siku moja akaingia.

Kwa teatre walifanya kinyume. Waliijengea nyumba nzuri katikati ya muji, viti havifiki 400, na kwa miaka ya kwanza waliojaza jukwaa lile walikuwa zaidi vikundi vya wazungu waliokuwa wakicheza michezo ya kwao kwa kujifurahisha. Luga ni Kiingereza. Saa ya kuanza ni usiku, wakati mutu wa mitaa ya mbali anafikiri namna ya kurudi nyumbani. Hakuna aliyeandika mulangoni kwamba mukulima asiingie. Haikuwa lazima kuandika. Bei, luga, saa na nguo za wale waliosimama mbele ya mulango zilisema yote.

Okot hakuwa peke yake kuona hivyo. Wycliffe Kiyingi alikuwa amekwisha kuanzisha kikundi cha Waafrika mwaka 1954, akaandika michezo kwa Kiganda na kuipeleka kwenye radio, na hapo teatre ikaingia nyumbani kwa watu bila kiingilio. Huku kwetu Kongo, Lubumbashi, kikundi cha Mufwankolo kilifanya kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili cha wafanyakazi, kwenye radio na televisheni. Mwaka 1965 wanafunzi wa Universite ya Makerere, wakiwa na mwalimu wao David Cook, walianza kuzunguka inchi na michezo ya bure, kwa Kiingereza na kwa luga za wenyeji.

Okot alitaka kwenda mbali zaidi. Wale walipeleka muchezo kwa watu. Yeye aliona kwamba watu walikuwa nao tayari, na kwamba kazi ni kuwapa kiwanja, tarehe na heshima. Alipoajiriwa na Makerere kwa kazi ya mafundisho ya watu wazima upande wa Gulu, alisaidia kuanzisha siku kuu ya sanaa ya Gulu. Hakusimama pembeni na karatasi mukononi kama mutafiti. Aliimba, alicheza, alitoka jasho pamoja na wengine. Wazee waliokuwa wakiambiwa na kanisa na shule kwamba ngoma zao ni za giza, waliona mutu wa Oxford anazicheza muchana, mbele ya wote.

Mwaka 1966 ulikuwa mwaka wake mukubwa, na pia mwaka mugumu kwa Uganda. Mwezi wa tano, jeshi la Milton Obote lilishambulia jumba la Kabaka Mutesa, na mufalme akakimbilia Uingereza. Mwaka huo huo, Nairobi, East African Publishing House ilitoa Song of Lawino, shairi refu la mwanamuke wa kijijini anayelia juu ya bwana yake aliyesoma na kudharau kila kitu cha kwao. Kitabu kilipendwa sana. Siri moja ya kupendwa kwake ni kwamba kinasomeka kama muchezo wa mutu mumoja: mwanamuke anasimama mbele ya ukoo wake, anashitaki, anacheka, anaiga namna bwana yake anavyotembea. Ni kiwanja cha ngoma kilichowekwa ndani ya karatasi.

Na mwaka huo ndio alipewa uongozi wa Teatre ya Taifa na wa kituo cha utamaduni kinachoisimamia. Aliikuta nyumba imezoea mambo ya kigeni, akageuza. Kwa siku kuu ya uhuru, alitengeneza sherehe ya sanaa ya siku nane. Watu wa ngoma na nyimbo za nyumbani, ambao nyumba ile haikuwajua, ndio waliokuwa wenye siku. Kwa waliozoea vikombe vya chai wakati wa mapumuziko, hiyo ilikuwa kelele. Kwa Okot, kelele ile ndiyo ilikuwa dalili kwamba nyumba imeanza kuwa ya taifa.

Mawazo yake hayakuwa ya kupunguza bei tu. Hapo ndipo anatofautiana na wengi wanaosema juu ya teatre ya bei rahisi. Ukipunguza tiketi lakini muchezo unabaki wa luga ya kigeni, ndani ya nyumba ya mbali, mutu asiye na pesa atapata kiti cha bei ndogo kwenye kitu kisicho chake. Alisema pia juu ya ule ukuta kati ya anayecheza na anayeangalia. Sinema haiwezi kuuondoa: mutu wa kwenye filme hakusikii hata ukimuita. Teatre inaweza. Kwa maoni yake, teatre inayowakalisha watu kimya gizani inatupa nguvu ile moja ambayo sinema haina, halafu inashangaa kwamba watu wanakwenda sinema.

Kisha akaanguka. Alisafiri Zambia, na huko alisema wazi maneno ya kuwachoma wanasiasa. Kuacha kazi kwake kulifuata safari ile, na wengi wameunganisha mambo haya mawili bila shida. Mutu wa kaskazini kama Obote mwenyewe, mwenye jina tayari, mwenye kusikilizwa na vijana: serkali haikumuhitaji awe mulangoni mwa Teatre ya Taifa. Okot alikimbilia Kenya, na kwa miaka zaidi ya kumi hakupata kazi ya kudumu kwenye inchi yake.

Wengine wangekaa na uchungu. Yeye alipewa kazi ya mafundisho ya watu wazima upande wa mangaribi ya Kenya, akakaa Kisumu, na mwisho wa mwaka 1968 muji ule wa kando ya ziwa ulikuwa na siku kuu yake ya sanaa, ya namna ile ile ya Gulu. Ni jambo la kuangalia vizuri. Gulu, Kampala, Kisumu: kila fasi walipomuweka, alianza na kiwanja, si na jengo. Kisumu haikuwa na Teatre ya Taifa. Haikumuzuia.

Baadaye alifundisha Universite ya Nairobi tangu 1971 hadi 1978, akakusanya nyimbo za Waacholi katika Horn of My Love mwaka 1974, na mwaka 1973 alitoa kitabu cha makala, Africa's Cultural Revolution. Humo aliwapiga wakubwa wapya wa Afrika walioondoa wazungu kwenye ofisi lakini wakaacha wazungu wakae ndani ya vichwa vyao, kwenye shule, kwenye kanisa na kwenye teatre.

Musomaji wa Kivu ya Kaskazini atashituka kidogo hapa, juu miaka ile ile Mobutu alikuwa anasema maneno yanayofanana. Zaire ilikuwa kwenye mambo ya autantisite. Majina ya ubatizo yalikatazwa, na watu walicheza ngoma nje, bila tiketi, mbele ya uwanja uliojaa. Teatre ya wazi, ya bure, ya mila. Si ndiyo ile Okot alikuwa anatafuta?

Wazee wanaokumbuka animasyo politike wanajua jibu. Kwenye animasyo mwanafunzi na mufanyakazi walicheza juu wameitwa kucheza, na wimbo ulikuwa wa kumusifu mutu mumoja. Kwenye kiwanja cha Waacholi, yule mukubwa anaweza kuimbwa vibaya, na hana la kufanya. Okot alipoteza kazi yake sababu ya tofauti hii. Ngoma ya bure ambayo haiwezi kumucheka mukubwa, bei yake imelipwa kwa njia nyingine.

Ila kuna fasi moja ambapo mawazo yake yana tundu, na si dogo. Siku kuu inadumu siku nane, mwaka uko na siku 365. Kijijini, mwenye sherehe alikuwa anawalisha wachezaji. Mujini, nani anawalisha? Sherehe za Okot zilisimama juu ya mushahara wa universite au pesa ya serkali, na serkali ilipomukasirikia, kiti kilivunjika. Wacheza teatre wa Butembo wanaoishi na michezo ya kuhamasisha watu, leo juu ya ugonjwa, kesho juu ya uchaguzi, wanajua hali hii: muradi ukiisha, muchezo nao umeisha. Okot alifungua mulango kwa mwenye kuangalia. Kwa mwenye kucheza, hakuacha jibu lililokomaa.

Jibu la upande huo lilitafutwa Kampala wakati yeye yuko uhamishoni. Byron Kawadwa, mwandishi wa michezo ya nyimbo kwa Kiganda, alifanya kazi kwenye Teatre ile ile ya Taifa miaka ya 1970, na watu wa muji walikuja na kulipa juu walisikia luga yao na miziki yao. Idi Amin alikuwa anatawala. Mwanzoni mwa mwaka 1977, baada ya kikundi chake kurudi kutoka siku kuu kubwa ya sanaa za Waafrika Lagos, ambako kilicheza Oluyimba lwa Wankoko, Kawadwa alikamatwa na kuuawa. Muchezo ule ulisikika kama neno juu ya watawala.

Hata hivyo watu hawakuacha kwenda. Wahindi waliokuwa na biashara nyingi za sinema walikuwa wamefukuzwa mwaka 1972, filme mupya zikawa shida, na vikundi vya teatre vikaanza kuchukua fasi ile. Miaka ya 1980 kikundi cha Ebonies cha Jimmy Katumba kilijaza sale za Kampala na watu waliolipa tiketi ya muchezo kama walivyokuwa wakilipa ya filme. Haikuwa teatre ya Okot. Ilikuwa na jukwaa, na viti, na mulango wa kulipia. Lakini ilikuwa ya luga na vichekesho vya watu waliokaa kwenye viti vile.

Okot alifundisha pia Ife, Nigeria, halafu, Amin alipoangushwa mwaka 1979, njia ya nyumbani ikafunguka. Makerere ilimupokea, na mwaka 1982 akawa profesa wa kwanza wa uandishi huko. Aliyekuwa prezidenti tena ni Obote, yule yule. Okot hakupata wakati wa kuanza siku kuu nyingine. Alikufa Kampala mwezi wa saba wa mwaka huo, akiwa na miaka 51.

Nyumba ya karibu na Bunge bado iko. Tiketi inategemea nani anacheza. Kwa miaka mingi, siku ya Jumatatu mangaribi, wapiga muziki walikuwa wakikusanyika kwenye uwanja wake wa nje na kupiga bila kiingilio. Mutu anayetoka kazini alikuwa anasimama hapo na mufuko wake, anasikiliza, na akitaka kucheza, hapakuwa na mutu wa kumukataza.